Mtu Aliyesikia Magoli

Mume wa mdogo wangu alifanya kazi uwanjani kila Jumamosi kwa miaka thelathini na moja, na kwa miaka thelathini kati ya hiyo hakuona goli hata moja. Hakuwa kipofu. Macho yake yalikuwa mazuri kuliko yangu, maana yangu yaliharibika mapema kwa kusoma herufi za risasi zilizopangwa kinyumenyume katika kiwanda cha uchapaji. Yeye aliweza kuona msumari ulioangukia kwenye majani akiwa amesimama. Hakuona magoli kwa sababu alikataa kuyaona. Nikiwasimulia vijana habari hii hunitazama kama mtu anayewadanganya, kisha huinamia simu zao. Basi nimeamua kuiandika.

Watu walimwita Tarakimu. Siku za kazi alikuwa fundi rangi katika karakana ya malori, akiandika namba na majina ya wenye mali kwenye milango kwa brashi ya manyoya, bila rula. Jumamosi alikuwa mtu wa ubao.

Ubao wenyewe ulisimama nyuma ya goli la upande wa mlango wa kuingilia, juu ya nguzo nne, mkubwa kama ukuta wa chumba. Mbele ulikuwa na majina ya timu mbili na chini ya kila jina kulabu moja. Nyuma yake palikuwa na ngazi, ubao wa kukanyagia wenye upana wa hatua mbili, na rafu iliyobeba tarakimu zilizochongwa kwenye mbao nyembamba, sifuri mpaka tisa, seti mbili. Goli likifungwa, mtu aliyeko nyuma alifungua kidirisha, akaondoa tarakimu ya zamani, akatundika mpya. Hiyo ndiyo kazi. Mtu yeyote mwenye mikono angeweza kuifanya, na ndiyo maana wengi hawakuelewa kwa nini huyu mmoja aliifanya namna ile.

Timu zenye maana zilikuwa mbili. Karakana ilikuwa ya mafundi, jezi bluu kama ovaroli zao. Sokoni ilikuwa ya wachuuzi, wapagazi na wapima nafaka, jezi za njano. Ukizaliwa katika nyumba ya fundi, ulikuwa Karakana kabla hujaota meno. Baba yangu aliuza vitunguu, kwa hiyo mimi sikuulizwa. Tulitaniana bila huruma. Fundi akija kununua vitunguu Jumatatu baada ya kufungwa, muuzaji alimwekea vitatu kwenye mizani na kumwambia, "Hivi ni vya Jumamosi, sasa niambie unataka vingapi vya kula." Gari la mchuuzi likiharibika baada ya Sokoni kupigwa, fundi alilizunguka mara mbili akitikisa kichwa na kusema tatizo ni beki ya kushoto. Lakini mchuuzi alipofiwa, jeneza lilitoka karakana, limepigwa randa vizuri, na hakuna aliyelisemea neno.

Siku hizi naona mtu amevaa jezi ya timu ambayo hajawahi kusimama kwenye mlango wake, anamtukana mwenziwe ambaye hajui hata ana watoto wangapi. Anamtukana kwa kidole gumba, kisha anakunywa chai. Sisi tulijua kwa hakika tunayemtania ni nani, mama yake anaumwa nini, na siku gani usimguse. Huo ulikuwa ujuzi, na umekufa.

Tena ushabiki wetu haukuishia uwanjani. Kiwandani kwetu tulichapa gazeti la picha lililotoka kila Ijumaa na hadithi mbili. Ya kwanza ilikuwa ya Nyundo, jitu lisilosema sana lililovunja milango ya wezi. Ya pili ilikuwa ya Bibi Upepo, mwanamke aliyewashinda maadui kwa akili na kwa kujigeuza vumbi. Sijui nani alianza, lakini haukupita mwaka Karakana wote walikuwa watu wa Nyundo na Sokoni wote watu wa Bibi Upepo. Wanaume wenye wake na watoto walishikana mashati kuhusu nani angemshinda mwenziwe wakikutana, ingawa mchoraji alikwisha kuapa kwamba hawatakutana. Mimi niliyepanga maneno ya hadithi hizo nilijua mambo ya Ijumaa tangu Jumanne, na nilikuwa nikitembea mjini kama mtu anayejua siku ya mwisho wa dunia.

Ndivyo nilivyomfahamu. Wiki moja hadithi ilimwacha Nyundo amesukumwa kisimani. Jumatano, kijana mrefu mwenye rangi nyeupe kwenye nyusi akaja kwenye dirisha la kiwanda.

"Kaka, samahani. Anatoka?"

"Nani anatoka?"

"Nyundo. Kisimani. Anatoka au hatoki?"

"Ijumaa utasoma."

"Ijumaa ni mbali, kaka. Leo nimeandika namba ya lori kinyume."

"Wewe una ndevu na unauliza mambo ya kisima?"

"Ndiyo maana nimekuja mwenyewe. Ningekuwa mtoto ningetuma mtu."

Mdogo wangu wa kike alikuwa amesimama nyuma yake na chakula changu cha mchana. Yeye alikuwa akisoma karatasi za majaribio nilizokuja nazo nyumbani za kufungia vitu, kwa hiyo alijua kila kitu. Na alikuwa Sokoni damu, mtu wa Bibi Upepo.

"Anatoka," akamwambia. "Ila anatoka kwa aibu. Anavutwa na punda."

Yule kijana akageuka, akamtazama muda mrefu. Nilidhani atakasirika.

"Punda wa nani?" akauliza.

Miezi saba baadaye walikuwa wameoana. Alibaki Karakana na mke wake akabaki Sokoni, na nyumba yao ilikuwa na vikombe vya rangi mbili.

Alipopewa kazi ya ubao, Sokoni walinung'unika. Mtu wa Karakana ashike ubao wa wote? Alianza kwa kuzichora upya tarakimu zote. Alizipa umbo la maneno ya kishindo katika gazeti la picha, nene, zenye kivuli upande mmoja, na kweli zilionekana kutoka mwisho wa pili wa uwanja hata mvua ikinyesha. Seti zote mbili alizichora kwa rangi ileile na brashi ileile. Nilizipima kwa uzi, kwa ubaya wa moyo wangu, nikitafuta kama sifuri ya Sokoni ilikuwa ndogo. Hazikupishana hata unene wa ukucha.

Kwenye ubao palikuwa na tundu la kuchungulia, kubwa kama sahani. Msimu wake wa kwanza alilitumia kama waliomtangulia. Msimu ulipokwisha alikuja kwangu, akakaa, akakataa chai.

"Shemeji, mkono wangu una maradhi," akasema.

"Umeumia?"

"Karakana wakifunga, tarakimu inapanda kabla watu hawajamaliza kupiga kelele. Sokoni wakifunga, nasimama kwanza. Natazama kama mwamuzi atabadili mawazo. Halafu ndipo natundika. Nimehesabu. Magoli yenu yote yamechelewa."

"Hakuna aliyeona."

"Mimi nimeona."

Nilimwambia hilo ni jambo dogo, kila binadamu mkono wake una upande. Kesho yake alichukua kifuniko cha kopo la rangi, akakipigilia misumari minane juu ya tundu. Tangu siku hiyo alifanya kazi na mgongo wa ubao mbele ya uso wake, na timu aliyoipenda kuliko kitu chochote isipokuwa mke wake ikicheza hatua ishirini upande wa pili wa mbao.

Sokoni walidhani ni maigizo. Kamati ya uwanja ilinituma mimi, shemeji yake na mtu wa Sokoni, nikae naye nyuma ya ubao mechi nzima nione kama hana tundu jingine. Nilikwenda nikiwa na uhakika wa kumkamata. Nilikagua mbao zote kwa vidole. Kisha mpira ukaanza, na mimi sikusikia kitu ila makelele, kama mtu aliyesimama karibu na mashine ya kusaga.

Yeye alisimama ameinamisha kichwa kidogo, mikono nyuma.

"Kona," akasema. "Yenu."

Nikachungulia pembeni mwa ubao. Ilikuwa kona, na ilikuwa yetu.

"Imepanguliwa. Sasa yuko nayo winga wetu, wanawake wenu wamenyamaza. Anakwenda. Anakwenda. Amepoteza, mjinga huyu."

Aliniambia kwa sauti ya chini, kama mtu anayeeleza namna ya kuchanganya rangi, kwamba kila upande una goli lake la sauti. Goli la Karakana huanzia chini, vifua vya wanaume, halafu bati hugongwa kwa spana. Goli la Sokoni huanzia juu, vigelegele vya wanawake wa sokoni kwanza, wanaume hufuata nyuma yao. Goli la mguu watu huliona linakuja, kwa hiyo sauti hupanda ngazi. Goli la kichwa huwakuta hawajajiandaa, sauti hupasuka mahali pamoja.

"Lakini furaha peke yake haitoshi," akasema. "Watu hufurahia hata mpira ukigonga mwamba. Nasikiliza vitu vitatu. Furaha ya aliyefunga. Ukimya wa aliyefungwa. Halafu filimbi. Goli likikataliwa, ule ukimya huamka na kuzomea. Ukimya ukibaki ukimya na filimbi ikalia, basi limeingia."

Muda mfupi baadaye vigelegele vilipanda. Yeye alikwisha kushika moja ya Sokoni mkononi. Alisubiri, kichwa kimeinama, filimbi ikalia, akaitundika. Mkono haukusita. Niliutazama mkono huo kwa sababu nilijua sasa ulikuwa ukifanya nini, na nilipata aibu kama mtu aliyeingia chumba cha mwenziwe akiwa anasali.

Nilirudi kwenye kamati nikasema, "Mwacheni." Nikateuliwa kuwa mwandishi wa kumbukumbu za vikao, labda kwa sababu nilikuwa mtu wa Sokoni aliyesema neno jema juu ya Karakana na hawakujua wanifanye nini.

Miaka ikapita. Gazeti la picha lilikufa. Kiwanda kiliuza herufi zetu za risasi kwa kilo, nikaenda nyumbani na miwani minene. Karakana ya malori ikawa ghala la matairi, ingawa timu ilibaki na jina lake. Tarakimu alizeeka, magoti yakawa yanalia kwenye ngazi, lakini ubao haukuwahi kusoma uongo. Watu wa timu za mbali waliokuja kucheza kwetu walipelekwa nyuma ya ubao kuonyeshwa kifuniko cha kopo, misumari ikiwa imekwisha kushika kutu, na niliwaona wanaume wazima wakitoka pale wamevua kofia.

Halafu tukapata Katibu mpya wa kamati, mtu wa heshima na mkoba, aliyekuwa na picha ya ubao wa taa kwenye simu yake. Ubao ule uliweza kuonyesha matokeo, saa, na matangazo ya sabuni. Hakuwa mtu mbaya. Alisema tu kwamba dunia imekwenda.

Kamati ilikuwa na watu saba, watatu wa Karakana, watatu wa Sokoni na Katibu mwenyewe asiye na upande. Mimi niliandika tu. Walibishana jioni nzima na mwisho wakaafikiana jambo ambalo nililiandika kwa mkono wangu: mzee abaki nyuma ya ubao maadamu hajakosea. Siku akikosea, hata mara moja, ubao wa taa unaletwa naye anapumzika.

Alipoambiwa aliitikia kwa kichwa. "Ni haki," akasema. Lakini mdogo wangu aliniambia kwamba tangu siku ile mumewe alikuwa akiamka Jumamosi kabla ya jogoo na kuzifuta tarakimu kwa kitambaa, moja moja, sifuri mpaka tisa.

"Kaka, ukiutoa ubao ule atabaki na nini?" aliniuliza. "Karakana ilikwisha kufungwa. Mimi ananiona kila siku."

Mechi ya watani ilikuja mwishoni mwa msimu. Ili mtu aelewe kilichotokea lazima ajue habari ya Fundi Bomba. Huyu alikuwa winga wa Karakana na riziki yake ilikuwa kutengeneza mabomba ya maji. Nusu ya nyumba za wachuuzi zilipata maji kwa mikono yake. Mwaka mmoja na nusu nyuma, beki wetu wa Sokoni alimwingia vibaya, mguu ukavunjika mahali pawili. Tuliusikia mpaka safu ya juu. Madaktari walisema atatembea na fimbo. Hatukuwahi kulisemea jambo hilo sokoni, lakini wanawake walikuwa wakimpelekea mkewe mboga na kuziacha mlangoni bila kubisha.

Nilikaa safu ya nne upande wa Sokoni, pembeni ya Mama Mizani, muuza nafaka na mjumbe wetu wa kamati, mwanamke mwenye sauti ya kuitisha watu kutoka mitaa mitatu. Mpira ulikuwa mgumu, bila kwa bila. Dakika ishirini kabla ya mwisho, mtu akainuka kwenye benchi la Karakana na kuvua koti. Nilidhani macho yangu yamenidanganya, kama kawaida yao.

"Ni yeye?" nikamuuliza Mama Mizani.

Fundi Bomba alisimama kwenye mstari akingoja kuingia, mguu mmoja mwembamba kuliko mwingine ndani ya soksi ya bluu. Mwamuzi akamwita. Akaingia, hatua tatu za kutembea, kisha akakimbia.

Mama Mizani akasimama, akaweka mkono mdomoni, akapiga kigelegele. Wakafuata wanawake wa nyanya, wa samaki wakavu, wa viungo, safu kwa safu, na nyuma yao wanaume wote wa Sokoni wakasimama na kupiga kelele kwa vifua vyao vyote, kwa ajili ya mtu wa Karakana, tena katika mechi ya watani, matokeo yakiwa bado hayajaamuliwa. Katika maisha yangu sijawahi kuona jambo kama hilo. Upande wa pili, Karakana walinyamaza kimya. Hawakuwa wamechukia. Walikuwa wameduwaa, spana mikononi, hawajui wagonge au waache. Mwamuzi akapiga filimbi mpira uanze.

Na ubao ukasoma Sokoni moja, Karakana bila.

Kelele zilikatika. Kwa muda wa pumzi moja uwanja mzima ulitazama ile moja nene yenye kivuli. Halafu upande wetu ndio ulioanza kupaza sauti. "Shusha." "Hatujafunga." Mpagazi mmoja aliyekuwa akiomba goli tangu asubuhi alisimama juu ya benchi akipunga mikono yote miwili kulikataa alilopewa. Mwamuzi alisimama mikono kiunoni. Nilimwona Katibu ametoa simu, anahesabu sekunde.

Nilizunguka uwanja kwa kasi ambayo daktari amenikataza, nikapanda ngazi. Alikuwa amesimama mahali pake, kichwa kimeinama, anajaribu kuelewa.

"Shemeji, shusha."

"Limekataliwa? Sikusikia wakizomea."

"Halikuwepo."

"Vipi halikuwepo? Wamefurahi. Wetu wamenyamaza. Filimbi imelia."

"Fundi Bomba ameingia."

Alinitazama. Sijui kama nimewahi kutazamwa hivyo na mtu.

"Sokoni wanampigia vigelegele Fundi Bomba?"

"Ndiyo."

"Vya goli?"

"Vya goli."

Aligeuka, akafungua kidirisha, akaishusha ile moja na kutundika sifuri. Kisha akaipangusa ile moja kwa kitambaa na kuirudisha kwenye rafu, mahali pake, kati ya sifuri na mbili. Mechi ikaisha bila kwa bila.

Kikao kiliitwa Jumatatu saa tisa, katika chumba kilicho chini ya jukwaa, chenye harufu ya chokaa na dawa ya kuchua misuli. Tarakimu alikaa kwenye kiti cha mwisho, amevaa shati lililopigwa pasi na mke wake. Katibu alisoma: ubao ulisoma uongo kwa dakika mbili na sekunde kumi.

Mama Mizani hakungoja ruhusa.

"Mtu akiweka kidole kwenye mizani, unaivunja mizani?" akasema. "Sisi ndio tuliopiga kelele ya goli pasipo goli. Kosa ni letu. Tutozeni faini, tufungieni mechi mbili, huyu mwacheni."

Wajumbe wenzake wawili wa Sokoni wakaitikia. Mimi nikaandika haraka, nikifurahi moyoni, maana nilidhani yamekwisha. Ndipo akasimama mjumbe mkuu wa Karakana, mzee aliyekuwa msimamizi wa mafundi, ambaye mpaka leo anaitwa Nyapara.

"Huyu ni wetu," akasema. "Angekuwa wenu, mimi ndiye ningemtetea. Lakini ni wetu. Tukimwacha watasema Karakana walimbeba mtu wao. Amekaa miaka thelathini bila kuchungulia ili neno hilo lisisemwe. Mimi sitakuwa sababu ya kusemwa kwake leo. Tulikubaliana akikosea."

"Nyapara, una roho ya nati," akasema Mama Mizani.

"Nati ndiyo inayoshika gurudumu, mama."

Wajumbe wawili wa Karakana waliungana na Nyapara, mmoja wao akitazama sakafu. Watatu kwa watatu. Watani walikuwa wakimtetea na ndugu zake wakimtoa, na kila upande ulikuwa ukifanya hivyo kwa heshima. Nimesoma vitabu vingi peke yangu, vya wafalme na mabaraza yao, na sijakuta kikao kilichonishangaza kama kile cha wauza nafaka na mafundi wastaafu.

Katibu alitia simu yake mfukoni. Nitamsifu kwa hilo.

"Mzee," akasema, "kura yangu ndiyo ya mwisho na mimi siitaki. Tulisema ukikosea. Mama hapa anasema hukukosea, ulidanganywa na kelele. Wewe ukisema hivyo, nami nitasema hivyo, na Jumamosi unapanda ngazi yako. Ulikosea?"

Ilitosha aseme neno moja tu, "Hapana." Nilimwombea alitamke. Nilifikiri juu ya mdogo wangu na zile tarakimu zinazofutwa alfajiri.

"Ubao ulisoma moja," akasema Tarakimu. "Uwanjani hakukuwa na moja. Nilikosea. Andika, shemeji."

Kalamu ilikuwa na wino, lakini ilinichukua muda. Niliandika kwa herufi nzuri kuliko zote nilizowahi kuandika katika daftari lile, kwa kuwa sikuwa na kitu kingine cha kumpa. Mama Mizani alitoka bila kuaga. Nyapara alimshika Tarakimu mkono wa kulia kwa mikono yake miwili na hakuuachia upesi.

Tulitembea pamoja kwenda kwake. Jua lilikuwa bado juu ya mapaa. Nilitaka kusema jambo la kumfariji na kila nililolipata lilikuwa na ladha ya bati. Tulipofika kwenye ukuta wa ghala la matairi akasimama.

"Wote walisimama?"

"Wote."

"Hata wapagazi?"

"Wapagazi walipanda juu ya mabenchi."

"Hata wewe?"

Hilo sikuwa nimemwambia mtu. Mimi sishangilii. Tangu ujana nakaa na mikono kifuani, nikitafuta makosa ya Sokoni kabla sijatafuta ya Karakana, na watu wa safu yangu wananijua.

"Hata mimi," nikasema. "Nilipiga kelele mpaka koo likauma. Nisamehe, shemeji. Ilikuwa na sauti yangu ndani yake."

"Najua. Nilikusikia."

"Huwezi kunisikia mimi katika watu elfu tatu."

"Nilikusikia. Nilikuwa na wasiwasi, maana kelele haikupanda ngazi na haikupasuka, ilikuja namna nyingine. Nilikuwa nimeshika ile moja nasubiri. Halafu nikakusikia wewe. Nikasema, kama huyu mzee mchungu anafurahi, basi Sokoni wamefunga."

Akaanza kucheka. Alicheka ameegemea ukuta wa ghala lililokuwa karakana yake, mpaka muuza magazeti wa ng'ambo akatutazama, na mimi niliyemponza nikacheka naye kwa kuwa sikuweza kujizuia.

Nyumbani mdogo wangu alitutazama nyuso, akaelewa, akaleta maji ya kunawa bila kuuliza. Tulikaa mezani. Yeye alipakua, na mumewe hakugusa chakula.

"Nieleze alivyoingia," akaniambia. "Fundi Bomba. Anachechemea?"

Nikamweleza. Koti, soksi ya bluu, mguu mwembamba, hatua tatu za kutembea. Mama Mizani na mkono wake mdomoni. Safu zilivyosimama, za nyanya, za samaki, za viungo. Alisikiliza ameinamisha kichwa kidogo, mikono magotini. Nilipomaliza akaniomba nirudie, nikarudia. Mara ya tatu mdogo wangu akasema chakula kinapoa, na kwamba yeye mwenyewe alikuwepo na angeweza kusimulia vizuri kuliko kaka yake asiyeona mbali.

"Subiri, mke wangu," akasema. "Aanze tena pale alipovua koti."